Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara za Radiolojia: Ulezi wa Mabingwa Wapya Uingizwe Kwenye Ratiba ya Zamu

Kwa: Wakuu wa idara za radiolojia, waratibu wa mafunzo ya ubingwa, na viongozi wa vyama vya kitaaluma vya radiolojia

YAH: MABINGWA WAPYA KUACHWA BILA ULEZI WALA MWONGOZO WA KAZI

Waheshimiwa walimu wetu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima mnayostahili. Wengi wenu ndio mliotufundisha kuisoma picha ya kifua kwa mpangilio: koo la hewa, moyo, mapafu, kiwambo, mifupa, na mwisho zile pembe ambazo jicho hupenda kuziruka. Ninachokidai hapa nakidai kwa sababu najua mnacho cha kutupa. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumezimaliza. Tumezungumza na wakuu wetu mmoja mmoja. Tumeandika madokezo. Tumeliweka suala hili kwenye ajenda za vikao vya idara, likasogezwa kikao kijacho, na kijacho chake. Jibu limekuwa "tumelichukua, tutalifanyia kazi", na hakuna aliyerudi kutueleza limefikia wapi.

Dai letu ni moja. Kumlea bingwa mpya ni kazi ya idara, na kazi ya idara huandikwa kwenye ratiba ya zamu, ikapewa mtu na ikapewa saa. Ulezi unaosubiri huruma ya atakayebahatika kuwa na nafasi hauwezi kuitwa mpango. Ninapotaja bingwa mpya nakusudia daktari aliye katika miaka mitano ya kwanza tangu amalize mafunzo yake ya ubingwa. Huyo ndiye aliyesahaulika. Mwanafunzi ana mwalimu na mitihani, mkongwe ana jina na marafiki wa kuwapigia simu, bingwa mpya yuko katikati.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Tunavuka kutoka kusimamiwa hadi kuwa peke yetu kwa usiku mmoja.

Katika miaka yote ya mafunzo, hakuna ripoti yetu inayotoka bila jicho la pili. Kisha mtihani unapita, na wiki inayofuata jina lililo chini ya ripoti ni letu tu. Sioni ubaya wa kuaminiwa, tulisomea hilo. Ubaya ni kwamba jicho la pili linaondolewa lote kwa pamoja, tena mara nyingi kwenye zamu ya usiku, kwa sababu bingwa mpya ndiye anayejazwa kwenye zamu za usiku.

Niwape mfano mmoja. Majeruhi wa ajali ameingia, CT (kipimo cha eksirei kwa kompyuta kinachouonyesha mwili kipande kwa kipande) imepigwa kichwa, shingo, kifua, tumbo na nyonga. Ni picha zaidi ya elfu moja za mtu mmoja. Daktari wa upasuaji yuko kwenye simu, hataki ripoti ndefu, anataka kujua kama bandama imepasuka. Kwenye bandama unaona michirizi myeusi. Inaweza kuwa mpasuko. Inaweza kuwa mkunjo ambao mgonjwa alizaliwa nao. Au ni dawa ya kontrasti tu, ile inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri, ambayo haijasambaa sawasawa. Bingwa mwenye miaka ishirini kazini angekuuliza swali moja: hizo picha ni za awamu ya ateri, dawa ikiwa ndiyo kwanza imefika kwenye mishipa inayotoka moyoni, au ya vena, ikiwa imeshaanza kurudi? Anajua kwamba kwenye awamu ya ateri bandama nzima kabisa huonekana na mabaka kama yale, na kwamba ukifungua picha za dakika moja baadaye mabaka hayo hupotea. Swali hilo lingechukua nusu dakika kwenye simu. Lakini apigiwe nani? Ukutani kuna namba ya fundi wa mashine, namba ya maabara, namba ya chumba cha upasuaji. Namba ya bingwa wa kumuuliza haipo. Na hata anayejua namba ya mkubwa wake huogopa kumwamsha, maana hajawahi kuambiwa kwamba anaruhusiwa.

2. Makosa yetu yanarudi kwetu kama alama, hayarudi kama somo.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mnivumilie nikilirefusha.

Fani yetu imejua tangu zamani kwamba jicho la binadamu hukosa. Mwaka 1949 Henry Garland, mwenyewe akiwa daktari wa radiolojia, alionyesha kwamba wasomaji wazoefu wa picha za kifua waliziacha takriban theluthi moja ya picha zilizokuwa na ugonjwa. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliweka picha ndogo ya sokwe ndani ya picha za CT za mapafu, kisha wakawapa madaktari 24 wa radiolojia watafute vinundu, yaani vivimbe vidogo. Sokwe yule alikuwa mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona, na kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba wengi wao walimtazama pale pale alipo. Hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta kitu kingine.

Kama hali ndiyo hiyo, kila aliye kwenye fani hii atakosea, na tofauti kati ya idara na idara iko kwenye kinachofuata baada ya kosa. Mwenzangu mmoja alisoma CT ya tumbo ya mgonjwa aliyekuja na maumivu ya ubavuni. Akaliona jiwe kwenye mrija wa mkojo, akalipima, akaandika, akasaini. Kwenye vipande vya juu kabisa vya picha ile, pale ambapo sehemu ya chini ya mapafu huingia kidogo, kulikuwa na kinundu. Kiligunduliwa baadaye kwenye picha nyingine. Taarifa ilimfikia kwa barua pepe: namba ya jalada, tarehe, na tarakimu ya daraja la kosa. Basi. Hakuna aliyevuta kiti akaketi naye kuifungua picha ile. Hakuna aliyemwambia kwamba alichofanya kina maelezo yanayojulikana, kwamba jicho likishapata jibu la swali lililoulizwa hulegeza msako. Na kwamba dawa yake ni mazoea madogo, kama kuzifungua sehemu za chini za mapafu kwa mng'ao wa mapafu (mwanga wa skrini uliorekebishwa ili mapafu yaonekane vizuri) kila unaposoma tumbo, hata kama jiwe umeshaliona, hata kama simu inaita.

Kilichofuata nilikishuhudia. Ripoti zake zilianza kujaa "uwezekano hauwezi kuondolewa" na "inashauriwa kurudia kipimo". Kila kivuli kikawa na mashaka, kila shaka likazaa CT nyingine. Aliyelipia hofu ile ni mgonjwa, kwa mionzi asiyoihitaji na kwa wiki za kusubiri majibu ambayo hayakuwa na ulazima. Daktari hodari akageuzwa daktari anayejikinga, na kwenye karatasi za idara mambo yakaonekana mazuri, kwa kuwa alama za makosa zilipungua.

Upande wa pili wa sarafu hii hauna nafuu. Zipo idara zisizotoa hata hiyo barua pepe. Huko ni funika kombe mwanaharamu apite: kosa linarekebishwa kimyakimya na aliyeliona, aliyelifanya hajui, na wiki ijayo analirudia kwa mgonjwa mwingine.

3. Tunachagua ubobezi gizani.

Ubongo, matiti, watoto, mifupa, moyo, au radiolojia ya tiba inayoingiza katheta, yaani mrija mwembamba, mwilini: ni maisha tofauti kabisa, na tunayachagua kwa kusikiasikia. Anayechagua matiti haambiwi kwamba sehemu kubwa ya siku yake itakuwa kuzungumza na wanawake wenye hofu, uso kwa uso, si kukaa gizani na kompyuta. Anayechagua radiolojia ya tiba haelezwi vizuri kuhusu miaka ya kusimama na aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi na mgongo unavyoilipia.

Na kwa wenzetu wa kike kuna jambo linalosemwa kwa minong'ono tu. Wengi huiacha radiolojia ya tiba kabla hata ya kuijaribu kwa sababu wameambiwa ukorido­ni kwamba haiendani na kupata watoto. Miongozo ya kimataifa ya kinga ya mionzi iko wazi: kwa mfanyakazi, wastani usizidi milisiveti 20 (kipimo cha kiasi cha mionzi) kwa mwaka kwa hesabu ya miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usizidi 50; mama akishatoa taarifa ya ujauzito, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya takriban milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki. Kuna dozimita, kifaa kidogo cha kupima mionzi, ya kuvaa chini ya aproni, usawa wa tumbo, inayosomwa mara kwa mara. Mtu akipewa takwimu hizi pamoja na vipimo halisi vya chumba atakachofanyia kazi, anaweza kuamua mwenyewe. Akinyimwa, ameamuliwa.

Historia ya fani yenyewe inatupa mfano bora. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Oregon, Charles Dotter aliufungua mshipa wa mguu wa mwanamke wa miaka 82 kwa katheta, mguu ambao madaktari wa upasuaji walitaka kuukata. Kazi ile aliichapisha pamoja na Melvin Judkins, daktari aliyekuwa akijifunza chini yake. Miaka michache baadaye Judkins alibuni katheta za mishipa ya moyo ambazo hadi leo zinabeba jina lake. Mkubwa alimfungulia kijana mlango, akamwandika jina kwenye kazi, kisha akamwacha aende mbali kwa njia yake. Ni mtu mmoja aliyefanya hivyo, si sera ya idara. Ndiyo maana tunataka iwe sera.

4. Kuhusu akili mnemba mmetuachia vichwa vya habari.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, alisema watu waache mara moja kuwafundisha madaktari wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, au labda kumi, mashine ingewapita. Kizazi chetu kilikuwa kikichagua fani wakati maneno hayo yakisambaa. Miaka mitano ilipita, na foleni ya picha inazidi kurefuka. Lakini programu za akili mnemba zimeingia kweli kwenye vyumba vyetu: zinapanga upya orodha ya kazi, zinaonyesha damu kwenye ubongo, zinazungushia duara kinundu. Bingwa mpya anahitaji kuambiwa na mtu mzima wa fani afanye nini duara likiwekwa mahali ambapo yeye haoni kitu, nani atawajibika asipolifuata, na stadi gani azijenge sasa ili miaka kumi ijayo awe bado na kazi ya maana. Wakubwa wetu wengi hulikwepa swali hili. Naelewa kwamba hakuna mwenye jibu kamili. Hata kusema hivyo mezani, mkiwa mmeketi nasi, kungetusaidia.

5. Anayelelewa ni aliyependwa.

Ulezi upo, tusidanganyane. Upo kwa yule anayefanana na mkuu, aliyesoma chuo kimoja naye, au mwenye ujasiri wa kugonga mlango mara tatu. Huyo ndiye anayepewa utafiti, anayeandikiwa barua ya mapendekezo, anayetambulishwa kwenye mikutano, anayeambiwa jinsi ya kusoma mkataba wa ajira kabla ya kuusaini. Mwenzake mkimya, mwenye jicho kali kuliko sisi sote, anabaki kusoma eksirei za zamu. Na yupo ambaye hali yake ni mbaya zaidi: aliyepangwa kituo ambacho yeye ndiye daktari pekee wa radiolojia. Huyo hana hata wa kumwonyesha picha.

Najua mtakayoyasema, kwa kuwa tumeshayasikia.

Mtasema hakuna muda. Orodha ya picha haina mwisho, hilo tunaliona kila asubuhi. Lakini muda unatumika hata sasa, umefichwa tu: kwenye ripoti za kusahihishwa, kwenye vipimo vya kurudiwa, kwenye simu za madaktari wa wodini wasioelewa bingwa mpya alimaanisha nini, na kwenye kutafuta mtu wa kujaza nafasi ya aliyechoka akaondoka.

Mtasema ninyi hamkulelewa na mkafika. Kwa heshima zote, mlilelewa. Enzi zenu filamu zilitundikwa kwenye visanduku vya taa ukutani, na filamu ilikuwa moja. Aliyetaka kuiona ilimbidi aje chumbani. Daktari wa upasuaji alikuja, wa watoto alikuja, mkuu wa idara alipita na kikombe mkononi, akasimama nyuma ya kijana, akasema "hebu irudishe ile". Hakuna aliyepanga. Ile filamu iliwakusanya. Mfumo wa PACS, unaohifadhi na kusambaza picha kwa kompyuta, ulipokuja ukaondoa sababu ya kukutana: kila daktari anaifungua picha alipo, na wengi wenu mnasoma mkiwa nyumbani. Sipingi mfumo huo, umeokoa maisha ya wengi. Ninachosema ni kwamba mliupoteza ule mkusanyiko bila kuona kwamba ndiyo iliyokuwa shule, na hamkuweka kitu kingine mahali pake. Sisi tumekuja baada ya chumba kubaki kitupu.

Mtasema milango yenu iko wazi. Mlango ulio wazi humfaa asiyeogopa kuingia. Na mara nyingi aliye nyuma ya mlango huo ndiye atakayejaza fomu ya tathmini ya kazi yetu. Ni nani atakayekwenda kwake kukiri kwamba shingo ya mtoto bado inamchanganya?

Mtasema mkitufundisha tutahama. Baadhi tutahama. Wanaohama leo, kwa ninavyowafahamu, wengi wanafuata mahali ambapo kuna mtu wa kuwaangalia.

Tunachoomba ni hiki.

Kila bingwa mpya apewe mlezi anayejulikana kwa jina tangu siku ya kwanza, kwa miaka miwili isiyopungua, na mlezi huyo asiwe ndiye anayempa tathmini ya kazi. Wakutane saa moja kila wiki mbili, na saa hiyo iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama kazi, ikiwa na mtu wa kushika orodha ya picha wakati huo. Mlezi naye apunguziwe kiasi cha picha anachotakiwa kusoma. Tusiwaombe wakubwa wetu kujitolea kwa jambo tunaloliita la lazima. Ikitokea wawili hao hawaelewani, abadilishwe bila maswali.

Kwa miezi mitatu ya kwanza sehemu ya ripoti za bingwa mpya isomwe mara ya pili, na tofauti zizungumzwe ana kwa ana, picha ikiwa wazi mbele ya wote wawili. Kwenye kila zamu ya usiku liwepo jina na namba ya mkubwa wa kupigiwa, na iandikwe wazi kwamba kupiga simu hiyo ni sehemu ya kazi na hakutahesabiwa kama udhaifu.

Mfumo wa kutoa alama za makosa ubadilishwe kuwa kikao cha mafunzo. Kila mwezi, picha zisizo na majina ya wasomaji, zikiwemo za wakuu wa idara. Nasisitiza hilo la mwisho: siku bingwa mkongwe atakapoweka mezani kinundu alichokiruka yeye mwenyewe na kueleza jicho lake lilikwenda wapi, vijana wataanza kuleta vyao.

Kabla ya mtu kuchagua ubobezi, aruhusiwe kukaa wiki chache kwenye kila chumba anachokifikiria, na aonyeshwe takwimu za mionzi za vyumba hivyo, awe mwanamke au mwanamume.

Kwenu viongozi wa vyama vya kitaaluma, tunaomba orodha ya walezi wa hiari walio tayari kukutana kwa video na wale wanaofanya kazi peke yao, na nafasi za utafiti zitangazwe kwa wanachama wote badala ya kugawanywa kwa kupigiana simu. Kwenu waratibu wa mafunzo, mwaka wa mwisho uwe wa kuachia kamba kidogo kidogo: mwanafunzi asaini ripoti za aina fulani, kisha nyingine, mwalimu akiwa chumba cha pili.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ratiba ya zamu ya robo mwaka ijayo haijapangwa, yakionyesha lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, na nani atasimamia lililokubaliwa. Penye upungufu wa watu tuelezwe upungufu huo ni wa kiasi gani, nasi tuko tayari kuketi na kupanga zamu pamoja nanyi, ikiwemo kuchukua zamu za ziada ili saa za ulezi zipatikane.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika kazi,

Daktari bingwa wa radiolojia,
kwa niaba ya wenzake walioanza kazi karibuni